Re: Batman anaweza kuchezwa na mweusi?

Kaka, umeuliza kama ni sawa shujaa aliyechorwa mzungu achezwe na mweusi, na kwa nini mashabiki wanawaka hivyo. Kwangu ni sawa, ila si kwa kila shujaa.

Tazama Nick Fury, mkuu wa majasusi katika hadithi za mashujaa za Marvel. Kwenye katuni za 1963 alikuwa mzungu. Katika katuni ya The Ultimates ya 2002 akachorwa kwa sura ya Samuel L. Jackson, mwigizaji mweusi, na tangu filamu ya Iron Man ya 2008 Jackson ndiye Fury. Waambie vijana wa hapa Goma kwamba zamani alikuwa mzungu, watakucheka. T'Challa, yaani Black Panther, mfalme wa Wakanda, nchi ya Afrika ya kubuniwa, ni jambo jingine: umwondolee Uafrika, Wakanda inabaki nini? Bruce Wayne, yaani Batman mwenyewe, ni yatima tajiri mwenye kisasi, na hayo hayana rangi.

Hasira za mashabiki usizitie moyoni. Michael Keaton alipochaguliwa kuwa Batman wa 1989, barua za malalamiko zilimiminika kwa maelfu, na ni mzungu yule! Walimwona mchekeshaji tu. Heath Ledger naye alibezwa kabla hajacheza Joker, adui wa Batman. Oscar ikaja 2009, ameshafariki. (Na sisi wengi tunaangalia kwa Kifaransa, sauti ya mwigizaji hatuisikii, lakini kwa ubishi hatujambo.)

Kinachoniudhi ni kubadilisha sura bila kumpa mtu kazi. Idris Elba, mwigizaji mweusi, kwenye filamu ya Thor ya 2011: watu walipigia kelele rangi ya Heimdall, mlinzi wa lango la miungu aliyemcheza, wakati Elba mzima amewekwa kulinda mlango.