Trei moja ya mayai ina kilo ngapi za chakula?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Biashara ya shamba dogo la familia inalipa kweli, au inawachosha bure wenye nyumba?" Inalipa. Ila kwenye ukanda huu wa Ziwa Victoria mkoani Mwanza, kuanzia Igombe na Kayenze hadi Magu, nyingi hufa huku wateja wakiwa mlangoni. Soko lipo. Hesabu ndiyo haipo.

Nichukue mfano wa kaya yenye kuku 200 wa mayai na bustani ya robo eka, kazi ikifanywa na baba, mama na watoto wakitoka shule. Mchanganyiko huo unakaa vizuri hapa kwa sababu udongo wetu mwingi ni luseni, mchanga usioshika maji wala rutuba, na mbolea ya kuku ndiyo inayoupa nguvu.

Tuanze na chakula, maana huko ndiko fedha inakozama. Kuku wa mayai anakula kama gramu 120 kwa siku. Kuku 200 ni kilo 24. Wakitaga asilimia 75, unaokota mayai 150, yaani trei 5. Gawanya: kila trei imekula kilo 4.8. Sasa utagaji ukishuka hadi asilimia 50, kilo ni zile zile 24 lakini trei ni 3 na kidogo, na kila moja imebeba kilo 7.2. Bei ya trei mjini haijui habari hizo. Kwa hiyo kabla hujalalamikia bei ya masoko ya Kirumba au Igoma, zidisha bei ya kilo moja ya chakula chako kwa 4.8, toa kwenye bei ya trei, uone kilichobaki.

Na bado. Mtetea anakula karibu kilo 7 tangu kifaranga hadi yai la kwanza, kwenye wiki ya 18 hadi 20. Mwaka wake wa kwanza wa kutaga atakupa kama trei 9. Basi kila trei inadaiwa sehemu moja ya tisa ya gharama za kumkuza: kifaranga, mkaa wa kulelea, chanjo, na hizo kilo 7. Sehemu hiyo iwekwe pembeni kila wiki, kwenye akaunti au kibubu kisichoguswa. Familia nyingi huila bila kujua, kwa kuwa fedha ya mayai inaingia kila siku na inafanana na faida. Kuku wakichoka, kwenye wiki ya 75 hivi, hakuna cha kununulia vifaranga, na banda linageuka stoo ya kuni.

Kuchanganya chakula mwenyewe kunapunguza gharama ukijua unachofanya. Kwa kilo 100 za kuku wanaotaga: mahindi ya kuparaza kilo 48, pumba za mahindi 14, mashudu ya alizeti 18, dagaa 10, chokaa ya mifugo 8, mifupa ya kusaga 1.5, chumvi robo kilo na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) robo kilo. Protini inafika kama asilimia 16. Premiksi na chumvi usizimwage juu ya lundo. Zichanganye kwanza na kilo 2 za pumba, kisha kilo 10, ndipo uingize kwenye lundo na kuligeuza kwa koleo juu ya turubai mara tano. Ukiruka hatua hiyo, kuku wa kona moja anapata chumvi ya wiki nzima na mwenzake anataga mayai yenye ganda kama karatasi.

Dagaa ndiye anayetuokoa wa huku, na ndiye anayetuibia. Wanaoanikwa chini wanakuja na mchanga, nawe unaununua kwa kilo. Chota kiganja kimoja, tumbukiza kwenye glasi ya maji, koroga, subiri dakika mbili. Mchanga ukifunika kitako cha glasi, rudisha gunia. Lipia zaidi wale wa kwenye chanja, hesabu itakurudishia. Dagaa huvuliwa kwa taa, hivyo siku za mbalamwezi wanapungua na bei inapanda. Nunua siku za giza, akiba ya wiki tatu. Wakati wa mvua utauziwa wale walionyeshewa, "wa kuku hawa," watakwambia. Kuku naye ana ini. Waliovunda au kuota ukungu waache huko huko mwaloni wanakouzwa.

Mahindi nayo yapimwe. Weka chumvi kavu kwenye chupa kavu, tia mahindi, tikisa. Chumvi ikinata kwenye kioo, bado ni mabichi na yataleta sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, stoo. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta.

Halafu kuna mashudu ya pamba, ambayo Usukumani hayakosi na bei yake inashawishi. Wape ng'ombe. Yana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu za pamba, inayobadilisha kiini cha yai kuwa cha kijani chenye rangi ya tope, hasa yai likikaa siku kadhaa. Yai linaondoka kwako zuri, linaharibikia dukani, na mwenye duka hakuulizi kitu. Anahamia kwa mwingine.

Banda la kuku 200 liwe na mita za mraba 36 hadi 40, urefu wake uelekee mashariki na magharibi ili jua lisipige ubavuni. Viota 40. Msijenge katikati ya majabali kwa sababu tu eneo ni la bure: mawe ya Mwanza yanahifadhi joto la mchana na kuliachia usiku, na kuku aliyehemewa anakunywa badala ya kula. Mchana wetu ni saa 12 mwaka mzima, na kuku wa mayai anahitaji mwanga wa saa 16. Taa ziwake kwa muda wa saa nne zaidi, kwa saa zile zile kila siku. Kuziwasha leo na kuzisahau kesho ni vibaya kuliko kutoziwasha kabisa.

Ugonjwa wa kuogopwa ni mdondo, yaani kideri. Chanjo ya tone la jicho, I-2, irudiwe kila miezi mitatu, hata kama jirani anasema kuku wake hawajawahi kuumwa. Njia kuu unayoingilia kwenye kaya zetu ni ya heshima kabisa: mgeni amekuja na kuku wa zawadi. Mshukuru, halafu kuku huyo akae siku 14 upande wa pili wa nyumba, au aishie sufuriani jioni hiyo hiyo. Trei za karatasi zinazorudi kutoka sokoni nazo hazifai kuingia bandani. Nunua za plastiki, zioshwe. Na siku ya chanjo ya kwenye maji, usitumie maji yenye dawa ya klorini, yanaiua. Tumia yaliyochemshwa yakapoa.

Bustani nitaisema kwa ufupi. Mbolea mbichi ya kuku inaunguza miche, irundikwe na kugeuzwa kwa wiki sita angalau. Mchicha unavunwa ndani ya wiki nne, ndio unaolipa sabuni na nauli wakati nyanya bado zinakula dawa ya kantangaze, yule mdudu anayetoboa majani na matunda yake. Kiwanja kinachogusa maji kisikudanganye: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na pampu ya kumwagilia inahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Anayeteka maji kwa ndoo huku amesimama ziwani anajichumia kichocho. Avae gambuti, na watoto wasitumwe huko.

Sasa daftari. Safu zake: chakula kilichotoka stoo, mayai yaliyookotwa, yaliyopasuka, yaliyouzwa taslimu, yaliyotoka kwa mali kauli, na yaliyoliwa nyumbani. Hii ya mwisho inawakera wengi. Hakuna anayewakataza watoto yai, lakini trei 2 kwa wiki ni zaidi ya 100 kwa mwaka, na zikiandikwa ndipo mama anaona kwamba shamba limeshalipa sehemu ya mboga ya nyumba. Hiyo nayo ni faida, tena haina nauli. Mali kauli kwa wauza chipsi isizidi mzigo mmoja: hajalipa trei za Jumatatu, Alhamisi hapewi, hata akiwa shemeji. Na kijana anayeamka saa kumi na moja kufungua banda awe na ujira wake ulioandikwa, hata kama ni mdogo, vinginevyo siku akipata bodaboda ya kuendesha hamtamwona tena.

Utagaji ukishuka, usisubiri kundi zima lichoke. Wapime mmoja mmoja usiku, wakiwa wametulia. Mshike kuku, gusa mifupa miwili iliyo chini ya mkia: vidole vitatu vikipita katikati, na tundu ni pana lenye unyevu, huyo anataga. Kikipita kidole kimoja tu, tundu limekauka na upanga wa kichwani umepauka, anakula gramu 120 za bure. Mfunge kamba ya rangi mguuni, asubuhi aende sokoni.