Si ndimu, ni chai na udongo

Wiki hii mmeuliza: je, ni kweli msichana akila ndimu akiwa kwenye siku zake, damu hukata? Jibu langu ni hapana. Maji ya ndimu huishia tumboni pamoja na chakula kingine. Hayana njia ya kwenda kwenye kizazi. Ningeishia hapo, lakini swali hili limenigusa pabaya, kwa sababu katazo hilohilo nilipewa mimi, na nikalishika kuliko Bibi alivyotarajia.

Nilivunja ungo mwaka 1997, likizo ya kidato cha kwanza. Bibi mzaa mama akanifunda: usile ndimu, usile embe bichi, usinywe maji ya baridi. Kwa woga wangu nikaongeza na machungwa, maana nayo yana ukali. Sasa fikirieni nilikuwa nasoma wapi: bweni, wilayani Muheza! Anayepajua Muheza anajua machungwa ya huko. Wenzangu walikuwa wanayamenya kila jioni nyuma ya bweni, mimi nasogea pembeni.

Nilichokuwa nakula ni udongo. Mama mmoja aliuuza nje ya uzio, vipande vyembamba vilivyokaushwa kwa moshi, amevifunga kwenye gazeti. Ukitia mdomoni, kwanza kinanata kwenye ulimi, halafu harufu ya mvua ya kwanza inapanda puani. Nilikuwa namaliza kifurushi kizima kabla ya kengele ya prepo. Chakula chetu kilikuwa ugali na maharage mchana na usiku, nyama Jumapili, vipande viwili, na juu yake kikombe cha chai ya rangi, nzito, papo hapo. Damu ilinitoka siku nane kila mwezi. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani?

Kidato cha pili, mwezi wa nane, nilianguka mstarini tukiimba wimbo wa Taifa. Nesi wa zahanati akanivuta kope la chini, akamwita matroni aje aone palivyokuwa peupe. Kipimo cha wingi wa damu kikasoma 7.6, na mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na 12 au zaidi. Nesi hakunigombeza. Aliniuliza ninakula nini, nikamtajia vyote hadi udongo. Ndipo akanieleza: mwili hutengeneza damu kwa madini ya chuma, na yale ya kwenye maharage na mboga huingia mwilini kwa shida, chai huyazuia, udongo nao huyanasa, na kinachoyasaidia kuingia ni vitu vya ukali kama ndimu, chungwa na embe. Vitu vilevile nilivyokuwa navikimbia. Akanipa vidonge, nivimeze kwa maji ya chungwa. Baada ya wiki chache hamu ya udongo ilikatika yenyewe. Siku nane zilibaki nane, lakini nikawa napanda kilima cha shule bila kushika magoti.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema makatazo yote yafutwe, kila msichana ale anachotaka. Sasa sina uhakika huo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Mwanamke anayepoteza damu kila mwezi hawezi kuwa hajali anachokula. Na asiyekula cha kutosha, ama kwa njaa ama kwa kujikondesha, hedhi yake inaweza kusimama kabisa, kwa kuwa ubongo hupunguza ishara zinazoamsha mayai. Kwa hiyo chakula kinagusa hedhi, ila si kwa njia ya ndimu.

Binti yangu amevunja ungo mwaka jana, na tayari nimemwekea makatazo mawili: chai asubiri saa moja baada ya chakula, na udongo asiuguse. Bibi naye alikataza kwa kunipenda, hilo nalijua. Ila sitaki mtu asome hapa aone machungwa yatamtibu. Damu ikizidi siku saba, au pedi ikilowa kila baada ya saa moja, aende hospitali, huenda ni uvimbe au jambo jingine ambalo chakula hakiliwezi.

Bibi hakuniuliza zinatoka siku ngapi, nami sikusema. Mimi namuuliza binti yangu kila mwezi. Juzi amenijibu tano, akaendelea kumenya chungwa lake.