Mfadhili mkubwa anaondoka Juni: tulipe mishahara kwa fedha za mradi mwingine?

SWALI: Mimi ni mkurugenzi wa shirika la vijana hapa Kilifi. Tunafundisha ufundi na tunatoa elimu ya afya ya uzazi kwa vijana. Mfadhili wetu mkubwa, ambaye fedha zake hutoka serikali ya Marekani na kutufikia kupitia shirika la kimataifa, anataka mkataba mpya uwe na sharti kwamba hatutatoa ushauri wala rufaa (kumwelekeza mtu kwenye kituo kingine) ya utoaji mimba, hata kwa fedha za wafadhili wengine. Bodi imekataa. Mkataba wa sasa unaisha 30 Juni, miezi mitano kutoka sasa. Bajeti yetu ya mwaka ni shilingi milioni 40: yeye hutoa 24, wengine wawili hutoa 10 na 6. Tuna wafanyakazi 14. Tujiandae vipi? Na je, tunaweza kulipa mishahara kwa fedha za wafadhili wadogo kwa miezi michache huku tukitafuta mwingine?

JIBU: Bwana mkurugenzi, naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linaloweza kuliua shirika. Hapana, msifanye hivyo. Fedha za mfadhili mdogo zimetolewa kwa kazi iliyoandikwa kwenye mkataba wake. Ukizitumia kulipa mshahara wa mtu asiyefanya kazi hiyo, hata kwa nia ya kuzirudisha, mkaguzi atazikataa na utatakiwa uzilipe. Mtazilipa na nini? Yaliyoyafunga mashirika mengi si kuondoka kwa mfadhili mkubwa, ni deni walilojiwekea kwa wadogo baada ya mkubwa kuondoka. Kama fedha zote zinapita kwenye akaunti moja ya benki, fungueni akaunti tofauti kwa kila mradi mwezi huu, ili salio la kila mmoja lionekane bila kupiga hesabu.

Pili, someni sharti lenyewe neno kwa neno. Linatokana na sera ya Marekani iliyotangazwa Mexico City mwaka 1984, ikaondolewa 1993, ikarudi 2001, ikaondolewa 2009, ikarudi 2017 ikiwa imepanuliwa, ikaondolewa 2021 na kurudi tena Januari 2025. Maneno yake hubadilika, kwa hiyo toleo linalowahusu ni lile lililoambatanishwa kwenye mkataba wenu, si lile mlilosikia kwenye semina. Toleo la 2017 halikukataza kumtibu msichana aliyepata madhara baada ya mimba kutolewa, wala rufaa pale mimba ilipotokana na ubakaji au kujamiiana kwa maharimu, au uhai wa mama ulipokuwa hatarini. Mashirika mengi yaliacha hata yale yaliyoruhusiwa, kwa hofu tu. Lakini tofauti yenu na mfadhili ipo kweli: Katiba ya Kenya, ibara ya 26(4), inaruhusu utoaji mimba pia pale mtaalamu wa afya anapoona afya ya mama iko hatarini, na toleo lile liliihesabu sababu ya afya kuwa ndani ya katazo. Bodi iandike hoja hii kwenye kumbukumbu za mkutano, pamoja na tarehe. Mfadhili mwingine atauliza kwa nini mliachana na huyu, na kumbukumbu hizo ndizo zitakazomjibu.

Msihesabu juu ya sera kuondolewa tena. Kwa miaka niliyoitaja, kipindi kifupi kabisa kati ya badiliko moja na jingine kilikuwa miaka minne.

Sasa hesabu yenyewe. Wengi husema: tumepoteza asilimia 60 ya mapato, basi tupunguze asilimia 60 ya matumizi. Hesabu haiendi hivyo. Katika jedwali ulilonitumia, milioni 9 ni gharama za pamoja: kodi ya ofisi, mshahara wako, mhasibu, ukaguzi, bima, intaneti. Mfadhili mkubwa analipa milioni 6.6 kati ya hizo, wa pili 1.8, wa tatu laki 6. Akiondoka, kazi zake za moja kwa moja za milioni 17.4 zinaondoka naye, na hilo halina pengo, kwa maana kazi haipo na gharama haipo. Lakini ofisi inabaki ileile ya milioni 9, na wafadhili wawili waliobaki wanailipia milioni 2.4 tu. Mmepoteza asilimia 60 ya mapato na asilimia 73 ya uwezo wa kuwasha taa. Hata mkikata gharama za pamoja nusu nzima, hadi milioni 4.5, bado mtapungukiwa milioni 2.1. Namba hiyo ndiyo inayopaswa kuwa mbele ya bodi mkutano ujao.

Kuijaza, njia ni mbili na zote zinaanza leo. Ya kwanza ni kuwaandikia wafadhili wadogo, sasa hivi wakati hamjaishiwa, mkiomba bajeti zao zirekebishwe ili zibebe sehemu yao halali ya ofisi. Yule wa milioni 6 analipa laki 6 tu, wakati anatumia mhasibu yuleyule, jengo lilelile, na wewe mwenyewe kila wiki. Hiyo haikuwa haki hata kabla ya haya kutokea. Mfadhili mkubwa alikuwa anamlipia mwenzake bila mtu kusema. Onyesheni hesabu ya saa za wafanyakazi na mita za mraba za ofisi. Mfadhili mwenye busara huielewa hesabu ya aina hiyo kuliko barua ya kilio.

Ya pili inahusu mkataba unaoisha. Kanuni za ruzuku za serikali ya Marekani huruhusu shirika ambalo halijakubaliana na serikali hiyo kiwango chake maalumu cha gharama za uendeshaji kudai asilimia fulani ya gharama za moja kwa moja, baada ya kuondoa vitu kama vifaa vikubwa, kwa ajili ya uendeshaji. Kiwango hicho kilikuwa asilimia 10, na kwa ruzuku zilizotolewa kuanzia 1 Oktoba 2024 kinafika 15. Hakidai risiti za kukithibitisha. Angalieni kama mkataba wenu unakitambua na kama mmekuwa mkikidai. Sharti ni moja: gharama mliyokwisha kuiandika moja kwa moja kwenye mradi msiidai tena kupitia asilimia hiyo. Mashirika madogo mengi ya kwetu hayakuwahi kuambiwa kwamba haki hii ipo, na jambo hilo linaniuma.

Nakuja kwa wafanyakazi. Tenganisha kwanza wale ambao mikataba yao ya muda inaisha na mradi, na wale wa kudumu. Wa kudumu wakiondolewa kwa kukosekana kazi, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inataka notisi ya angalau mwezi mmoja kwa mfanyakazi na kwa afisa wa leba (na kwa chama, kama ni wanachama), vigezo vya haki vya kuchagua nani aondoke, likizo isiyochukuliwa ilipwe, na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Mtu wa shilingi 60,000 kwa mwezi aliyekaa miaka sita, ukigawa kwa siku 30, anadai 180,000, bila likizo yake, wala mshahara wa mwezi endapo notisi haikutolewa. Piga hesabu hiyo kwa kila jina. Kisha mwandikie shirika la kimataifa kuomba idhini ya kuyaweka malipo hayo kwenye mkataba wa sasa. Malipo yanayotakiwa na sheria kwa kawaida hukubalika, lakini watu wengi wakiondolewa kwa pamoja kanuni hutaka idhini ya mapema, na idhini inayoombwa mwezi Juni huja Agosti. Walio na mikataba ya muda iliyofanywa upya mara nyingi, muulizeni wakili kabla ya kudhani kwamba hawadai chochote.

Waambieni wafanyakazi sasa. Watu hawa wana kodi za nyumba na karo za watoto, na miezi mitano ya kujipanga ni haki yao. Najua hofu ya wakurugenzi kwamba wazuri watakimbia. Baadhi wataondoka, ndiyo. Lakini uvumi utawaondoa mapema zaidi, na wakiwa na uchungu.

Kuhusu vijana, msipokee kundi jipya la ufundi ambalo halitamaliza kabla ya 30 Juni, hata kama shabaha ya mkataba inadai idadi. Omba shabaha ipunguzwe kwa maandishi. Walio darasani tayari, ambao mtihani wao wa NITA (mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani) unaangukia baada ya Juni, watafutieni nafasi na ada kutoka chanzo kingine kabla ya kufikiria kiti kimoja cha ofisi. Kijana aliyeachwa katikati ya kozi ya umeme hana cheti wala ajira, na mara ya pili hatarudi.

Kufunga mkataba nako kuna gharama ambayo karibu kila mtu huisahau. Ripoti za mwisho hutolewa ndani ya siku 90 baada ya mkataba mdogo (huu wenu na shirika la kimataifa) kuisha, na katika siku hizo, kama mkataba hauruhusu gharama za kufunga, hakuna fedha ya mradi inayomlipa mhasibu. Wekeni akiba ya mishahara yake mitatu, kutoka ile asilimia ya uendeshaji. Mkataba wa nyumba nao uangalieni: notisi kwa mwenye jengo itoke mapema, kwa kuwa kodi ya baada ya 30 Juni mfadhili hailipi ila pale ambapo kweli haikuwezekana kuuvunja. Fedha iliyotangulizwa na haikutumika inarudishwa, yote. Gari ombeni maelekezo ya maandishi kuhusu nani atabaki nalo. Msiliuze wala msilihamishie mradi mwingine kabla ya jibu. Nyaraka, mfadhili anataka zitunzwe miaka mitatu baada ya ripoti ya mwisho, lakini sheria ya kodi ya Kenya inataka mitano, kwa hiyo shikeni mitano.

Na makato ya PAYE (kodi ya mapato), NSSF (hifadhi ya uzeeni), SHA (bima ya afya) na tozo ya nyumba yapelekwe kila mwezi hadi mwisho, hata mwezi ambao mishahara imechelewa. Mashirika yanayobanwa huanza kukopa hapo, kwa kuwa hakuna anayepiga simu siku ya kwanza. Riba na faini zinazofuata haziwezi kudaiwa kwa mfadhili yeyote.