Bibi Aliuliza, Mimi Nikacheka

Juzi nimepokea ujumbe wa mwanafunzi wa uzamili: "Kaka, kamati ya maadili imenipitisha, wiki ijayo nakwenda kuwarekodi wazee. Kuna la kuongeza?" Ujumbe huo ningeweza kuuandika mimi miaka sita iliyopita, neno kwa neno, na furaha ileile.

Nilikuwa natafiti nyimbo za kuaga wafu za jamii ambayo si yangu. Nilifika na kinasa sauti kipya, fomu ya ridhaa ya kurasa mbili, na kiburi cha msomi. Bibi aliyeongoza nyimbo hizo alikubali upesi. Aliishika fomu, akaipapasa nembo ya chuo pale juu, akauliza: "Mjukuu wangu, na huyu, yeye anataka nini?" Nikacheka. Nikamwambia ni utaratibu tu. Akatia dole gumba.

Utafiti wangu wote ulikuwa ndani ya swali lile, nami nikaliruka kama dimbwi.

Mwaka uliofuata bibi akafariki. Binti yake akanipigia: "Mdogo wangu, tunaomba sauti ya mama, tuisikie msibani." Rekodi nilishazikabidhi kwenye hifadhi ya chuo, kama masharti ya ufadhili yalivyotaka. Nilipoomba nakala nikaletewa fomu: mwombaji aeleze "matumizi yanayokusudiwa." Mtoto wa marehemu! Matanga yakaanuliwa fomu haijajibiwa.

Na sikuvunja sheria yoyote, ndiyo maana inaniuma mpaka leo. Katika nchi nyingi haki za rekodi huenda kwa aliyerekodi au aliyegharamia. Wimbo wenyewe, kwa kuwa umepokezanwa vizazi na hauna mtunzi anayejulikana, mara nyingi huhesabiwa kuwa wa kila mtu. Kwenye hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, nako si kugeni. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza ya kutibu vidonda kwa bizari ya manjano, kana kwamba ni jambo jipya. Ilifutwa 1997 baada ya Wahindi kuleta maandishi yao ya zamani. Sasa jiulize, bibi yangu asiye na kitabu angeleta nini?

Usinijibu kwamba mambo yamebadilika. Yamebadilika kidogo. Tamko la Umoja wa Mataifa la 2007, ibara ya 31, linazitambua jamii za asili kuwa na haki ya kulinda urithi wao na miliki bunifu inayotokana nao, lakini tamko si mkataba, halimfungi mtu kisheria. Mkataba uliopitishwa Geneva Mei 2024 unamdai mwombaji wa hataza ataje rasilimali za kijenetiki (kama za mimea na wanyama) na maarifa ya jadi yanayohusiana nazo vilitoka wapi. Wimbo wa msiba haumo. Wasani, jamii ya asili ya Afrika Kusini, hawakungoja. Mwaka 2017 walitoa kanuni zao wenyewe za maadili kwa watafiti. Zisome kabla hujagusa kinasa sauti. Mimi nilizisoma nikiwa nimeshaharibu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, uliza kabla. Uliza nani ana mamlaka ya kusema ndiyo, kwa sababu anayeimba vizuri huenda si mwenye wimbo. Uliza mfadhili anataka rekodi ziishie wapi, na uliza kabla hujatia saini yako, kwa sababu saini ya bibi itafuata yako. Nakala ya kwanza ibaki kwao. Halafu rudi uulize tena. Kamati ya maadili inakilinda chuo kisishtakiwe. Wewe usijidanganye kwamba imekulinda wewe, sembuse wao.

Msimamizi wangu aliniambia nisichanganye huzuni na taaluma. Nilichanganya. Nilirudi kwa familia, tukakaa siku tatu, wakasema maneno ya nyimbo yasichapwe. Nikaiondoa sura ya nne. Ilinigharimu miaka miwili; wenzangu walipiga picha za majoho, mimi nikabonyeza "hongera" huku nimeng'ata meno. Lakini rekodi zilirudishwa, na barua ya kuzirudisha niliiandika mimi.

Sura ya nne ipo bado kwenye tasnifu. Ni ukurasa mmoja, unaeleza kilichokuwapo na nani aliamua kisiwepo. Mtahini wa nje alidhani mchapaji ameruka kurasa, akaomba atumiwe nakala kamili.