Picha za kanga zimepauka, fanya hivi

Mkuu nimeziona hizo picha za kanga ulizopiga saa saba mchana, ukasema rangi zimekufa hata ukiongeza haziamki. Mimi naona shida wala siyo rangi, ni weusi: pindo jeusi limekuwa kijivu, sasa ukiongeza rangi juu ya kijivu unapata uchafu tu. Kama una kompyuta weka GIMP, programu ya kuhariri picha, ni ya bure, fungua ile sehemu inaitwa Levels, yenye grafu inayofanana na mlima, chini yake kuna vipembe vitatu, kile cheusi kivute kulia mpaka pale mlima unapoanzia, cheupe kivute kushoto mpaka unapoishia, utashangaa ule wekundu unavyorudi wenyewe bila kuugusa. Ukimaliza ndo uongeze rangi, kidogo sana, maana ukizidisha sura ya dada aliyevaa inakuwa kama chungwa.

Halafu futa kioo cha kamera jamani. Mi nilihangaika wiki nzima na setingi kumbe ni mafuta ya kidole tu, simu inakaa mfukoni na funguo unategemea nini. Na jua la saa saba achana nalo, piga kabla ya saa tatu asubuhi au jioni kuanzia saa kumi na moja, au kivulini.

Ila kama kwenye kompyuta yako picha ziko poa, ukizituma tu zinapauka, cheki setingi ya rangi kwenye kamera, labda iko kwenye Adobe RGB, badili iwe sRGB.