Maswali na majibu: Nani apewe upana wa barabara?

Barua nyingi mlizotuletea safari hii zinagusa jambo moja: ardhi ya barabara, nani aipate na nani apishe. Tumejibu tano.

Barabara kuu inayoingia mjini kwetu ina njia nne na foleni haisogei. Kuna mpango wa kuipanua iwe njia sita. Mbona wataalamu wengine wanasema haitasaidia?

Kwa sababu foleni yenyewe ndiyo inayowazuia wengi wasiingie barabarani. Ikipungua, aliyekuwa akitoka nyumbani alfajiri ili kuikwepa anasubiri kukuche, aliyekuwa akipanda basi anatoa gari, na viwanja vya mbali vinaanza kununuliwa kwa kuwa sasa mjini ni karibu. Baada ya miaka michache njia sita zimejaa kama zilivyojaa nne, na magari yaliyoongezeka yanatafuta pa kuegeshwa.

Hesabuni watu, msihesabu magari. Njia moja ya mjini yenye magari binafsi hupitisha watu kati ya 600 na 1,600 kwa saa. Ikiachiwa mabasi pekee, yakija kwa kufuatana, njia hiyohiyo hupitisha 4,000 hadi 8,000. Uamuzi wa kijasiri hapo ni kuchukua njia moja kila upande kati ya zilizopo na kuyapa mabasi. Curitiba, kule Brazil, ilianza kuyapa mabasi njia zake mwaka 1974. Bogotá, Colombia, ikafuata mwaka 2000 kwa TransMilenio, mfumo wake wa mabasi yaendayo kasi.

Njia hizo zikae katikati ya barabara, maana pembeni kuna teksi zinazoshusha abiria, malori ya mizigo na magari yanayoingia getini. Nauli ilipwe kabla ya kupanda, na sakafu ya kituo ilingane na sakafu ya basi. Pale kituoni mwageni zege badala ya lami. Basi kubwa likifunga breki mahali palepale mara mia kadhaa kwa siku, lami iliyolainishwa na jua husukumwa mbele na kujikunja kama mkeka, na magurudumu huchimba mifereji miwili. Dereva akianza kuikwepa mifereji hiyo, basi linasimama mbali na jukwaa. Pengo la sentimita 5 linakuwa 20, na mwenye kiti cha magurudumu anabaki kituoni.

Kasoro kubwa zaidi iko kwenye makutano. Kila ruhusa ya gari kukata kona kuvuka njia ya basi inahitaji muda wake wa taa, na muda huo unakatwa kwenye taa ya kijani ya basi. Zifuteni kona hizo, magari yapite makutano kisha yazunguke mtaa wa mbele. Malalamiko yatakuja, na mkirudisha kona moja itakuwa vigumu kuikatalia ya pili.

Mtaa wetu wa maduka unataka kufungwa magari yasipite. Wateja watatoka wapi?

Hofu hiyo tunaielewa, na ina historia. Wenye maduka wa Strøget, Copenhagen, walikuwa nayo mwaka 1962 mtaa wao ulipoachiwa watembea kwa miguu. Wa Rua XV de Novembro kule Curitiba walikuwa nayo mwaka 1972, meya Jaime Lerner alipoubadilisha mtaa wao katika siku za mwisho wa wiki moja. Mitaa yote miwili ingali ya watembea kwa miguu, na ingali mitaa ya biashara.

Lakini ukweli usemwe wote: katika miaka ya 1960 na 1970 miji mingi ya Marekani ilifunga mitaa ya aina hiyo, kisha ikaifungua tena. Mtaa ambao tangu mwanzo haukuwa na watu wanaopita kwa miguu, wala makazi ya karibu, hauwapati kwa kuwekewa vigae na mabenchi. Kwa hiyo kabla ya kufunga, simameni mtaani siku ya kazi na siku ya mapumziko, mhesabu watu kwa saa. Wakiwa wachache, anzeni na kupanua njia ya miguu na kuruhusu watu waishi ghorofa za juu ya maduka.

Kama watu wapo, kazi kubwa iko kwenye mitaa jirani. Mwaka 1977 Groningen, Uholanzi, iliukata katikati ya mji wake sehemu nne. Gari linaingia sehemu yoyote kutoka barabara ya mzunguko, ila haliwezi kupita moja kwa moja kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Baiskeli na miguu vinapita. Hatua kama hiyo inahitaji nguzo, alama na mitaa ya njia moja tu. Tengeni saa za malori kushusha mizigo, tuseme hadi saa nne asubuhi, na acheni mita 4 zisizo na kitu chochote kwa ajili ya gari la zimamoto.

Pembeni mwa mji wetu bado ni mashamba, lakini nyumba zinakuja kwa kasi. Tuanze na nini?

Na barabara, tena zianzie juu ya ardhi yenyewe kabla nyumba hazijafika. Maji, umeme na mabomba ya maji taka vinaweza kuja kwa awamu endapo pa kupita pameachwa. Pasipoachwa, kila bomba litalipiwa fidia ya nyumba.

New York ilipanga mitaa yake mwaka 1811, wakati sehemu kubwa ya kisiwa cha Manhattan ilikuwa mashamba na vilima. Barcelona, Hispania, ilipata mpango wa mhandisi Ildefons Cerdà mwaka 1859: vitalu vya mita 113 kila upande, mitaa ya mita 20 na pembe za kila kitalu zilizokatwa. Cerdà alitaka majengo yakae pande mbili tu za kitalu na katikati pawe bustani. Wenye viwanja wakajenga pande zote nne, kisha wakaziba na katikati. Mitaa haikuguswa, na upana wake ndio unaoiwezesha Barcelona leo kuondoa magari kwenye baadhi yake na kupanda miti.

Kwa vipimo, UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, inapendekeza angalau asilimia 30 ya ardhi iwe ya mitaa, na angalau kilomita 18 za mitaa katika kila kilomita ya mraba. Vitalu visizidi sana mita 100, la sivyo mtembea kwa miguu analazimika kuzunguka mbali. Mitaro ifuate mabonde yalivyo. Viwanja vikichorwa kwanza, maji yatapita sebuleni mwa mtu.

Ugumu ni kwamba barabara inammeza mmoja na kumtajirisha jirani yake. Njia iliyotumika Japani na Ujerumani kwa miaka mingi ni ya kuunganisha mashamba kwenye ramani, kila mmiliki akatoa sehemu ileile kwa mia, na wote wakagawiwa upya viwanja vidogo zaidi vyenye barabara. Mmetoa ardhi, mmebaki na kiwanja chenye thamani zaidi.

Kisha msiishie kwenye ramani. Jiwe la mpaka hufunikwa na majani au hung'olewa usiku. Limeni njia ya vumbi ya mita 7 katikati ya hifadhi ya barabara na mpande mistari miwili ya miti kwenye kingo zake. Njia inayopitwa kila siku ina mashahidi wengi.

Mto wetu ulifunikwa kwa zege, juu yake kuna barabara. Inafaa kuufunua?

Inafaa, mkianza na maji taka. Seoul, Korea Kusini, ilibomoa barabara ya juu iliyokuwa juu ya mto Cheonggyecheon na kufungua takriban kilomita 5.8 za mto kati ya 2003 na 2005. Maji machafu yaliwekewa mifereji yake kando, na mwaka 2004 mji ukapanga upya njia za mabasi ili watu wasikose usafiri. Jueni pia kwamba maji mengi yanayoonekana pale husukumwa kwa pampu, gharama isiyokoma. Ukubwa wa mkondo upimeni kwa mvua: hekta moja ikinyeshewa milimita 40 hupokea lita 400,000.

Ni lazima kila jengo jipya liwe na maegesho?

Hapana. Nafasi moja, pamoja na pa kugeuzia gari, hula mita za mraba 25 hadi 30. Mbili zinakaribia nyumba ndogo, na mpangaji asiye na gari naye anazilipia ndani ya kodi. Buffalo, Marekani, na Mexico City zilifuta sharti hilo mwaka 2017. Ila mkilifuta, tozeni maegesho ya barabarani, vinginevyo magari yatahamia kwenye njia ya miguu. Pitieni mtaa saa nne asubuhi, saa tisa alasiri na saa mbili usiku. Mkikuta nafasi wazi chini ya moja katika kila saba, pandisheni bei ya saa hizo. Zikiwa wazi nyingi, ishusheni.