Nihame Nairobi kwa nyongeza ya 15,000?

SWALI: Mimi ni karani wa forodha hapa Mombasa, mshahara kabla ya makato ni shilingi 45,000. Nimeitwa Embakasi kwa 60,000. Likoni nalipa nyumba 9,000, feri navuka kwa miguu, matatu ni 100 kwa siku. Kayole nimetajiwa nyumba kama hiyo 15,000, na nauli 160 kwa siku. Sijaoa, ila mamangu nitakuja kumwona kila mwezi. Niende?
– Msomaji, Likoni

JIBU: Ndugu yetu, kwa 60,000 usiende.

Makato ni yale yale, uwe Likoni au Kayole. Kwa viwango vya 2025 hukatwa NSSF (akiba ya uzeeni) asilimia 6, SHIF (bima ya afya) 2.75 na ushuru wa nyumba 1.5. Haya huondolewa kwanza, ndipo kinachobaki kitozwe PAYE, yaani kodi ya mapato, na kwa kiwango chako kila shilingi ya juu hutozwa asilimia 30. Kwa hiyo katika kila 1,000 wanayokuongeza, mkononi inafika 628. Leo unapokea kama 35,888. Kule utapokea 45,312. Ile 15,000 imeshakuwa 9,424.

Sasa toa tofauti ya nyumba, 6,000. Toa tofauti ya nauli, 60 kwa siku 26, yaani 1,560. Imebaki 1,864. Treni ya kuja Mombasa kumwona mama, daraja la kawaida, ni 1,500 tangu Januari 2024, kwenda na kurudi 3,000. Umeshapungukiwa 1,136 kila mwezi, na bado hujalipa gari la kukufikisha stesheni ya Syokimau, Nairobi, wala la kukutoa stesheni ya Miritini, Mombasa. Wengi huusahau huu mvuko wa Likoni: kwa mwenda kwa miguu ni bure, na Nairobi hakuna mfano wake.

Rudi kwao uombe 70,000. Hapo, baada ya gharama zote hizo, utabaki na kama 5,100 zaidi ya leo. Uliza pia kama marupurupu ya nyumba yamo ndani ya mshahara huo au yako kando, na jibu liandikwe kwenye mkataba kabla hujatia sahihi.

Wakikubali, usipande treni bila 30,000 za nyumba, yaani kodi ya mwezi wa kwanza na dipoziti, pamoja na za chakula na nauli za mwezi mzima. Mshahara wa kwanza utauona mwisho wa mwezi. Mwenye nyumba anataka zake siku ya kukupa ufunguo.